Kufunga miamba ya pweza: kila shehia na tarehe yake, au Pemba nzima kwa pamoja?

Kidau: Shehia, yaani mitaa na vijiji vyetu, zinafunga miamba miezi mitatu pweza asivuliwe, kila moja kwa kalenda yake, huyu akifungua, yule ndiyo kwanza anafunga. Sasa wapo wanaotaka tarehe moja kisiwa kizima. Mimi nasema waacheni. Viumbe hai hujipanga kwa matabaka: seli, kiungo, kiumbe, kundi, mwamba. La chini huenda mbio, la juu huenda taratibu wala haliingilii kila kitu. Mtaalamu Herbert Simon wa Marekani aliyaeleza hayo tangu 1962. Mkono wa pweza wenyewe hausubiri amri ya kichwa, sembuse shehia ingoje barua?

Mzamiaji: Tatizo si kalenda. Tatizo ni kina mama na michokoo yao, vijiti vya kumchokolea pweza, wanapindua mawe hawayarudishi.

Ng'onda: Hausubiri amri? Nani kakwambia, Kidau? Seli za neva ni kiasi cha milioni 500, kweli thuluthi mbili ziko mikononi, lakini pweza akiona chakula kwa macho anaupeleka mkono pale pale anapotaka. Huyo ni nani kama si kichwa?

Kidau: Ukate mkono, uubane, utajikunja. Kichwa kiko wapi hapo?

Ng'onda: Kujikunja si kuamua, yakhe.

Bi Bamvua: Mzamiaji, kina mama wanaingia maji yakipwa ya bamvua, yanapokauka mbali, siku chache tu, na hawapiti maji ya goti. Nyinyi wa miwani mnaingia hata maji mafu, yasiyokupwa sana, mnafika kwenye mashimo yasiyotoka nje abadan. Jike hutaga mara moja tu maishani. Anaacha kula, anayasafisha mayai na kuyapulizia maji mpaka yaanguliwe, kisha anakufa. Ukimchomoa shimoni, mayai yote yameharibika. Nani hapo anayemaliza pweza?

Mzamiaji: Sikusema wanamaliza. Nimesema mawe.

Hesabu Tupu: Tuache mikono na mawe. Chukua hesabu ya mwanaikolojia Richard Levins, 1969, pamoja na h iliyoongezwa baadaye. Ita p sehemu ya miamba yenye pweza, c kasi ya mwamba mtupu kupata pweza, e kasi ya mwamba kupoteza pweza wake, h sehemu ya miamba iliyo mizima. Mambo yanatulia pale p = h − e/c. Weka c 0.5 na e 0.2. Miamba yote mizima, pweza wapo katika asilimia 60. Ikibaki mizima asilimia 40, jibu ni sifuri: miamba ipo, pweza hakuna. Na watoto wa pweza huelea na mkondo wiki kadhaa kabla hawajatua chini. Shehia inayolinda si lazima iwe ndiyo itakayovuna.

Kidau: Kwa hiyo unataka tarehe moja?

Hesabu Tupu: Sikusema hivyo. Mkifungua nyote bamvua moja, e inapanda kila mahali kwa mpigo, hakuna mwamba uliobaki kuwarudishia wengine mbegu. Mkipishana, wageni wanahama na madau kutoka ufunguzi hadi ufunguzi, siku mbili mwamba umekwisha, hata wa chini ya nusu kilo wanakwenda. Dawa yake ni kupishana kwa makubaliano: majirani wawili wasifungue pamoja, na mizani ya kupimia pweza iwe dikoni, wanaposhushwa, kuanzia siku ya kwanza, si ya tatu.

Kidau: Elinor Ostrom, mtafiti wa mali za pamoja, alipewa Nobel ya uchumi 2009 kwa kusema wenyeji waachiwe wajipangie.

Hesabu Tupu: Umesoma nusu. Kanuni yake ya nane, kitabu cha 1990, inasema rasilimali ikiwa kubwa, uongozi uwe wa ngazi ndani ya ngazi. Shehia ndani ya wilaya, wilaya ndani ya kisiwa.

Ng'onda: Sijamaliza na mkono. Utafiti wa Yerusalemu, 2014: mkono uliokatwa hunata kwenye mkono wa pweza uliochunwa, lakini haunati kwenye wenye ngozi. Kitu kilichomo ngozini kinauzuia. Hapo si kichwa kinachoamua, wala si mkono.

Kidau: Si ndiyo nilivyosema! Hakuna mkubwa!

Ng'onda: Ulisema mkono unajiamulia. Hilo ni jengine kabisa.

Bi Bamvua: Na mawe, Mzamiaji? Sheria ya kuyarudisha ataisimamia nani, mkono au ngozi?