Sarafu ya udongo kutoka Japani: ni pesa kweli?

Mjukuu wa Matema (Mbeya):
Wakubwa shikamooni. Naomba msaada wa anayejua sarafu za zamani. Nilipomaliza kidato cha nne, mwalimu wetu wa hesabu, Mjapani wa kujitolea, aliniachia kitu kidogo ndani ya kiberiti, kimefungwa na pamba. Ni kiduara cha udongo, rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, kidogo kuliko kifungo cha koti. Upande mmoja kina mlima. Alisema, "Hii ni pesa ya wakati wa vita." Wanangu wanadhani ni kete.

Mama yangu ni Mkisi, amefinyanga vyungu tangu utoto. Jana nilimpa aishike. Akaigonga kwa ukucha karibu na sikio, akasema: "Hiki hakikuchomwa kwa nyasi na kuni kama vyetu. Kimeshindiliwa kwenye kalibu, kikaingia tanuru kali." Je, Japani waliwahi kutumia pesa ya udongo?

Mzee wa Sarafu (Iringa):
Kamwene. Mama hajakosea. Ulivyoieleza, inafanana na sen 1 ya mwaka 1945, na mlima huo ni Fuji. Sen 100 zilikuwa yeni 1.

Vita ilikuwa imemaliza madini. Sen 1 ya aluminiamu ilikuwa na gramu 0.9 mwaka 1938. Kufika 1943 imekonda hadi gramu 0.55. Mwaka 1944 wakahamia kwenye bati (yaani tin, si la kuezekea) lililochanganywa na zinki, nalo lilitoka ng'ambo na meli zilikuwa zinazamishwa. Ndipo wakaendewa wafinyanzi wa Kyoto, Seto na Arita. Zilitengenezwa kama milioni 15, lakini Agosti 1945 vita ikaisha kabla hazijatolewa rasmi, zikaamriwa kupondwa. Kwa hiyo haikuwahi kuwa pesa rasmi. Baadhi zilinusurika. Tafadhali usiisugue, na usiitoe kwenye pamba hiyo.

Kijana wa Mwanjelwa:
Mkuu, unauza? Niko mjini, naweza kuja hata leo.

Mjukuu wa Matema:
Siuzi, kaka, samahani. Mzee wangu wa Iringa, asante sana, umenitoa gizani baada ya miaka mingi. Nimemsomea mama jibu lako lote. Nilipofika pale zilipopondwa alinyamaza, akairudisha kwenye pamba yeye mwenyewe, taratibu, kama anavyofunika chungu kibichi. Halafu akauliza: "Na wale waliozifinyanga, walilipwa?"