Naomba ushauri: maji yanatoka kidogo sana ndani ya nyumba

Habari zenu ndugu zangu. Naishi Kireka, karibu na Kampala, na mama yangu mzee. Tuna tangi la lita 1,000 juu ya mnara wa mita 3 hivi, ndilo linalolisha nyumba nzima. Tangu mwezi jana bomba la bafuni linadondosha tu. Mama anaoga kwa beseni, na kuinama kunamuumiza mgongo. Hilo linanikera kuliko yote.

Nimejaribu kupima. Nilifungua kiungo chini kabisa ya tangi, jerikeni la lita 20 likajaa kwa dakika 2. Bafuni jerikeni hilohilo lilichukua dakika 9! Kwa hiyo maji yapo, yanakwama njiani. Nilifunga mabomba yote, mita ya maji ya tangi haikuzunguka, basi sidhani kuna mvujo. Kichujio cha bomba nimekifungua, nikatoa chembe nyekundu za kutu. Koki zote za njiani, kati ya tangi na bafu, ziko wazi.

Mabomba ya ukutani ni ya chuma, ya zamani. Fundi mmoja anataka ninunue pampu. Mimi naogopa: kama kutu imeziba ndani, pampu si itapasua viungo vilivyochoka? Mwingine anasema tubomoe ukuta, tuweke ya plastiki.

Je, naweza kupitisha bomba jipya la plastiki nje ya ukuta hadi bafuni tu, la zamani nikaliacha? Nitumie la inchi moja au robo tatu? Na kama tatizo ni hewa iliyonaswa ndani ya bomba, nitaitambuaje? Aliyepitia haya anisaidie tafadhali.