Mrejesho: nimerudia kumsikiliza Poirot kama mlivyonishauri

Wakuu habari zenu, mimi ndo niliyeuliza kama kuna maana kurudia odiobuku ya upelelezi wakati muuaji nishamjua, wengi mkasema rudia ila safari hii msikilize msomaji. Basi nimerudia The Murder of Roger Ackroyd ya Agatha Christie, ya 1926, kisa cha mpelelezi wake Poirot, anasoma Hugh Fraser, yule aliyeigiza kama Kapteni Hastings, rafiki wa Poirot, kwenye Poirot ya kwenye TV ambayo David Suchet ndo Poirot mwenyewe.

Aisee mlikuwa sahihi kabisa. Kisa chote anasimulia Dokta Sheppard, daktari wa kijijini, kwa hiyo msomaji anambeba yeye mwanzo mwisho, na Fraser anamsoma kwa utulivu tu, sauti ya mtu ambaye ungemwachia funguo za nyumba, hakazi sauti pale penye ushahidi, yaani sentensi zilizonipita mara ya kwanza sasa hivi nazirudisha nyuma naskiliza mara tatu nne na bado anazipitisha kama anasema habari za mvua. Hiyo kazi ni ngumu jamani, akikosea kidogo tu fumbo lote linavuja.

Poirot wake nampenda pia, lafudhi ipo ila haizidi, hasa pale mwanzo amestaafu analima maboga na analirusha moja juu ya ukuta. Wadada vijana ndo kwa sikio langu wanafanana sauti, nikawa nachanganya nani anaongea.

Ambaye hajaisikiliza simtajii muuaji. Asanteni sana, mmenirudishia kitabu changu.