Naomba ushauri: nimpeleke mama kwenye tamasha la Trans-Siberian Orchestra?

Mwana wa Alto: Wakuu salaam. Mama yuko nasi huku Marekani mpaka Januari, na kazini kila mtu ananiambia nimpeleke kuwaona Trans-Siberian Orchestra, ile bendi ya roki inayopiga nyimbo za Krismasi. Mama ni mtu wa kwaya tangu usichana wake, nyimbo za Handel, yule mtunzi wa "Hallelujah", anazijua noti kwa noti. Nimeangalia video zao: fidla zipo, waimbaji wapo, ila kuna magitaa ya umeme, moto unaruka jukwaani, na kati ya wimbo na wimbo jamaa wa koti refu anasimulia hadithi kwa Kiingereza. Kiingereza cha mama ni cha kuombea maji. Ana miaka 68, moyo mzima, masikio mazima. Mwanangu wa miaka 6 naye tutakuwa naye. Viti vilivyobaki ni vya mbele kabisa au vya juu pembeni. Nichukue vipi, au niachane nayo?

Fundi Taa: Mbele usikae, mkuu. Kazi yangu ni kufunga taa za matamasha. Jukwaa kama lile limepangwa kwa macho ya mtu aliye mbali: leza zinapita juu ya vichwa, wapiga gitaa wanapandishwa hewani kwa mitambo. Ukiwa mstari wa pili utaona viatu vyao na kuhisi joto la moto usoni. Chukua juu, mradi kiti kisiwe usawa wa jukwaa au nyuma yake.

Kidole Juu: Okestra gani hiyo? Metali, roki nzito ya makelele, iliyovaa suti. Mtafutie mama kwaya ya maana, basi.

Bi Kinanda: Kidole Juu, kwamba ni metali hujakosea. Wametokana na bendi ya Savatage, na wimbo uliowapa umaarufu Savatage ndio walioutoa kwanza, 1995. Lakini sikiliza umejengwa juu ya nini: "Shchedryk" ya mtunzi Leontovych wa Ukraine, inayojulikana kwa Kiingereza kama "Carol of the Bells", kazi ya kwaya iliyoimbwa kwa mara ya kwanza 1916. Mama wa kwaya ataitambua kwa zile noti nne tu. Tena wapiga fidla wengi huwa wanaajiriwa katika mji husika, watu waliosomea kazi hiyo. Mwache mama ahukumu mwenyewe.

Shangazi wa Hadithi: Mwanangu, usihangaike na magitaa, hangaika na hadithi. Msimulizi anasema kwa mashairi, tena muziki ukiwa chini yake, kwa hiyo kumtafsiria sikioni hutaweza, na mtakera majirani. Msimulie nyumbani kabla hamjatoka. Angalia kwanza mwaka huu wanapiga hadithi gani, maana hubadilisha. Ikiwa ni ya albamu yao ya kwanza, ya 1996, ni hivi: usiku wa mkesha wa Krismasi Mungu anamtuma malaika duniani arudi na kitu kimoja kinachowakilisha wema wote uliotendwa kwa jina la siku hiyo. Anapita Sarajevo, mji wa Bosnia, ukiwa vitani, ambako mzee anapiga selo (fidla kubwa ya kupigwa umekaa) kwenye vifusi. (Mpiga selo halisi wa 1992, Vedran Smailović, hakuwa mzee hata kidogo, alikuwa na thelathini na kitu.) Mwishoni kuna mwenye baa anayefungua droo ya pesa ili binti aliyetoroka kwao apate nauli ya kurudi kwa baba yake. Hapo mama atahitaji leso. Hadithi ikiisha, nusu ya pili ni muziki mchanganyiko na kelele zaidi. Mtoto akisinzia, ondokeni bila kujuta.

Fundi Taa: Asinzie wapi na ile milipuko! Mnunulie vile vifuniko vya masikio wanavyovaa mafundi wa mashine, saizi ya mtoto. Mama atosheke na vizibo vya sponji, avivae kabla taa hazijazimwa. Na chagua onyesho la alasiri. Wana makundi mawili yanayozunguka nchi kwa wakati mmoja, na siku nyingi kila kundi hupiga alasiri na usiku, programu ileile.

Mwana wa Alto: Asanteni sana. Nimechukua vya juu, alasiri. Nimemsimulia mama habari ya malaika, sasa ana swali moja tu: wakifika kwenye nyimbo anazozijua, anaruhusiwa kuimba?

Bi Kinanda: Mwambie apaze. Hakuna atakayemsikia.