Naombeni ushauri: mtoto wa miaka 6, kalsiamu imezidi kwenye mkojo

MamaW_Nakuru: Hamjambo wapendwa. Kijana wangu ana kilo 18. Mwezi uliopita alianza kulia akienda kukojoa, siku ya tatu mkojo ukawa rangi ya strungi. Daktari anasema hakuna maambukizi, ila kalsiamu inatoka nyingi mno, na kwenye figo kuna punje kama mchanga. Maziwa nimeshamkatia. Kuna mitishamba ya kuyeyusha huo mchanga? Sitaki apasuliwe.

Nyar_Ahero: Pole dada. Mjomba wangu jiwe la figo lilimshika ndani ya matatu tukitoka Ahero kwenda Kisumu. Akaomba ashushwe, akagaagaa kwenye nyasi kando ya barabara. Lilitoka lenyewe siku ya nne. Maji, dada, maji!

Mzee_wa_Njoro: Ni haya maji yetu, floraidi. Sisi ndugu wote tuna meno ya kahawia tangu utotoni.

Muuguzi_Mstaafu: Mzee wangu, floraidi ikizidi inaharibu meno na mifupa, lakini hapa tunazungumzia mkojo. Mama, mrudishie maziwa, mifupa yake inayahitaji. Punguza chumvi, maana figo ikitoa chumvi nyingi, kalsiamu huifuata. Kipimo kilisoma ngapi? Na kuna dawa anayotumia?

MamaW_Nakuru: Mkojo wa saa 24, miligramu 126. Dawa hakuna.

Muuguzi_Mstaafu: Mpaka ni miligramu 4 kwa kila kilo, yaani 72 kwake. Yeye yuko 7 kwa kila kilo. Vitamini je?

Baba_Kondele: Wazazi tunajifungia macho. Krisps kila mapumziko, soseji jioni. Wangu alikuwa hanywi maji shuleni kutwa nzima kwa sababu vyoo vinanuka, nami sikujua mpaka alipougua.

MamaW_Nakuru: Vitamini si dawa jamani. Ana matege, wenzake wanamcheka. Shangazi yake akaniletea matone ya vitamini D. Karatasi ilisema tone moja. Niliona miguu hainyooki nikafikisha 10, tangu Januari, pamoja na tembe za kalsiamu. Nilifanya kwa kumpenda. Daktari hakuniuliza. Na mtu wa mitishamba nimeshamlipa nusu.

Mkweli: Hadithi ya kutunga hii. Mtoto wa shule umkingie mkojo saa 24? Kesho ataleta namba ya kuuza dawa ya mawe.

Nyar_Ahero: Hata mimi nimeanza kushuku. Kwanza hakuna dawa, sasa matone 10?

MamaW_Nakuru: Ilikuwa Jumamosi. Mkojo wa kwanza wa asubuhi nikamwaga, uliofuata wote ukaingia kwenye mtungi wa lita 5. Sina friji. Nilibisha kwa jirani anayeuza maziwa, nikaufunga mtungi kwa mifuko miwili kwa aibu. Saa nane usiku nikamwamsha. Wa Jumapili alfajiri ndio ukawa wa mwisho. Nitunge haya nipate nini?

Muuguzi_Mstaafu: Mkweli, huyu amekusanya kweli. Wengi hawajui kwamba wa kwanza humwagwa. Mama, tone moja lina yuniti ngapi?

MamaW_Nakuru: 400.

Muuguzi_Mstaafu: Basi alikuwa anapata 4,000 kila siku, na umri wake 600 zinatosha. Vitamini D ikizidi, utumbo hufyonza kalsiamu kupita kiasi na figo ndizo zinazobaki na kazi ya kuitoa. Simamisha matone na tembe leo hii. Kesho asubuhi mpeleke na chupa yenyewe, apimwe kalsiamu na vitamini D kwenye damu. Kuhusu maziwa, nilikujibu kabla sijajua haya. Ngoja majibu ya damu kwanza, daktari aseme.

MamaW_Nakuru: Na hela ya mitishamba?

Mzee_wa_Njoro: Iache iende, binti yangu. Usimnyweshe kitu kingine juu ya hayo.

Mkweli: Nisamehe mama. Nimeona wengi humu wakituuzia unga wakisema ni dawa.

MamaW_Nakuru: Nimeitoa chupa kabatini, imebaki robo. Nimeitia kwenye mkoba pamoja na karatasi ya maabara. Yeye amelala. Nitamwambia daktari yote, hata ya matone 10.