Najitambulisha: binti wa Tanga mpenda treni, sasa niko York

Kutoka: Binti wa Makorora, York

Asalaam aleikum, na wasio Waislamu habari zenu, wakubwa shikamooni. Nimo humu jukwaani toka mwaka jana nasoma tu kimya kimya, ile mada ya dipoziti ya nyumba ilinisaidia sana Mungu awalipe, ila sijawahi kuandika. Mi ni muuguzi, nimezaliwa Tanga, Makorora, na huku York, Uingereza, nina miezi kumi na nne sasa.

Leo sina shida ya kazi wala nyumba. Napenda treni. Naomba msinishangae. Babu yangu mzaa mama alikuwa genge la reli Korogwe, likizo za shule zote nlikuwa napelekwa kwake, basi asubuhi akitoka na mi namfuata nyuma hadi pale anaponikataza. Alikuwa na nyundo ya mpini mrefu, anagonga boliti moja moja, ikilia vizuri anapita, ikilia kama sufuria yenye ufa anainama. Mpaka leo nikisikia chuma kinagongwa najikuta nasikiliza kama kimekaza au kimelegea.

Sasa hapa York stesheni iko jirani, nikitoka shifti ya usiku nanunua chai naenda kusimama mwisho kabisa wa platfomu naangalia treni za London na za Scotland zinapita, afu ndo narudi kulala. Huko mwisho wa platfomu kuna wazee, wana vidaftari na kamera na chupa za chai, tumezoeana kwa kuitikiana kichwa tu. Wiki tatu zilizopita mmoja akaniambia wana kundi lao la mtandaoni, akaniandikia jina lake kwenye karatasi, akasema karibu, ukifika ujitambulishe. Toka siku hiyo naandika nafuta naandika nafuta. Watu wanajua namba za vichwa vya treni kwa moyo, wanajua kichwa fulani kilitoka kiwandani mwaka gani, na mi najua mataruma na boliti za Korogwe. Na ni mwanamke, mweusi, na hijabu yangu. Kuna yeyote humu aliyewahi kuingia kwa hawa watu? Nianzeje?


Kutoka: Mgosi wa Ngamiani, Manchester

Waaleikum salaam mdogo wangu, karibu sana na umenifurahisha mpaka nimeacha kula. Mi niko nao hawa watu mwaka wa tisa huu kwa hiyo nisikilize.

Kwanza uanze na reli yako, usianze na yao. Mimi mara ya kwanza niliandika barua ndefu nikijitetea, samahani mi mgeni sijui mengi, Class 66, vile vichwa vya dizeli vya mizigo, nimeziona ila sizielewi, basi wakaniitikia kwa adabu watu wawili yakaisha. Baada ya mwaka nikaandika tena mahali pengine, nikaeleza tu nlivyolelewa Ngamiani barabara ya kumi na mbili, reli iko kati yetu na mjini, kila siku ya shule unavuka reli kwenda na kurudi, upana wake mita moja kamili. Hiyo mita moja ndo iliwaamsha! Huku reli zao ni milimita 1,435, sasa mtu aliyekulia kwenye reli ya mita kwao ni sawa na mtu aliyetoka kisiwa ambacho wamekiona kwenye ramani tu. Nilipata maswali ya wiki nzima. Na ukiwaambia Tanzania tunazo tatu, ya mita tuliyorithi kwa Mjerumani na Mwingereza, ya TAZARA ya milimita 1,067 ambayo Wachina walijenga miaka ya 70, halafu SGR ya milimita 1,435 kama yao, inayobeba abiria toka 2024, hapo hawalali.

Taja mwaka. Hawa watu wanapenda mwaka kama sisi tunavyopenda kuulizana ukoo. Reli yetu ya Tanga ilianza kutandikwa 1893 na ndo ya kwanza Tanganyika nzima, ikafika Moshi 1911. Na ukiweza wagusie vita vya Novemba 1914, vile sie nyumbani tunaviita vita vya nyuki, Mwingereza alishusha jeshi la India pale Tanga akapigwa akarudi melini, na sababu moja kubwa ni hiyo reli maana askari waliletwa kwa treni toka upande wa Moshi. Usiogope kwamba watachukia, wao wenyewe wanaisimulia hiyo vita.

Kuna jingine mi nililigundua nikiwa huku huku, nataka ulijue maana linahusu kwenu Korogwe kwa juu kidogo. Hapa Manchester kuna mtaa unaitwa Gorton, kulikuwa na kiwanda cha Beyer Peacock, kimefungwa 1966. Hapo ndo yalitoka yale makubwa ya East African Railways, Garratt, vichwa vya mvuke vya vipande vitatu vilivyoungana, za klasi ya 59, yalikuwa 34, yaliundwa 1955 na 1956, kila moja tani 252, kichwa cha mvuke kikubwa kuliko vyote duniani kwenye reli ya mita. Yalipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Yalikuwa yanavuta njia ya Mombasa na Nairobi. Yamebaki mawili, yote yako makumbusho ya reli Nairobi, moja ni 5918 Mount Gelai na lingine ni 5930 Mount Shengena. Shengena! Ile ile ya Upare, ukitoka Korogwe na treni kwenda Same ile milima inakusindikiza mkono wa kulia. Siku niliyosoma hilo jina nilipanda basi nikaenda Gorton kusimama tu hapo, watu wakanipita hawajui nimesimamia nini. Waandikie hilo, mzee yeyote wa Manchester atakujibu.

Mengine ya haraka haraka. Ujue mpenda treni sio wa aina moja, kuna wa namba, wa picha, wa vimodeli, wa signali, wa ratiba, wa kusafiri tu mpaka mwisho wa kila njia, kwa hiyo sema wewe ni wa reli yenyewe, wa mataruma, hao ni wachache na wanaheshimika. Ujumbe wa kwanza usiombe kitu, sio kazi sio lifti. Usiseme unajua usichokijua, wanakugundua kwa neno moja. Picha stesheni za huku ruksa kwa matumizi yako mwenyewe, ila hakuna flashi, na nyuma ya mstari wa njano muda wote. Na kama bado hujanunua railcard nunua leo, ni pauni 35 kwa mwaka unakatiwa theluthi ya nauli kwenye safari nyingi, ukienda York mpaka London mara mbili tatu imesharudi. Treni ikichelewa dai pesa yako, kampuni nyingi zinalipa kuanzia dakika 15, tunza tiketi. Na hapo kwenu pembeni ya stesheni kuna makumbusho ya taifa ya reli, kuingia ni bure, kamuone Mallard, kile cha bluu kilichokimbia kilometa 203 kwa saa mwaka 1938, hakuna kichwa cha mvuke kilichomshinda mpaka leo.


Kutoka: Dada wa Pangani, Wales kaskazini

Mdogo wangu nimekuja kwa ile ya mwanamke na hijabu kwa sababu kaka ameiruka. Mi najitolea kwenye reli moja ya zamani huku, zile zinazoendeshwa na wapenzi wenyewe, mwaka wa nne. Siku ya kwanza walinitazama ndio, sikudanganyi, mmoja akadhani nimekuja na mume wangu akaniuliza yuko wapi. Nikamwambia nimekuja mwenyewe, nipeni tambara. Nikafuta mafuta masaa matatu na kuanzia hapo mi ni mwenzao. Unaanza kusafisha, miaka ikienda unafika kuchochea makaa, wachache wanafika kuendesha. Hijabu vaa ile ya pamba inayobana na uchomeke ncha zote ndani ya ovaroli, sio kwa ajili yao, ni kwa ajili ya moto na vitu vinavyozunguka. Buti za chuma mbele walinipa wao. Swali dogo, viza yako inaruhusu kujitolea? Angalia masharti kabla hujavaa ovaroli. Na mwisho wa siku wanakunywa chai na keki na hapo ndo urafiki unapotengenezwa, usikimbilie basi.

Huku kwetu tuna njia inaitwa Welsh Highland inapita milimani toka Caernarfon hadi Porthmadog, kama kilometa 40, inavutwa na Garratt ndogo zilizotoka Afrika Kusini. Njoo kiangazi, utalala kwangu, nina wali wa nazi.


Kutoka: Babu wa Chumbageni, Tanga

Wajukuu zangu hamjambo. Mwanangu ndo ananichapia haya mi nasema. Nimesomewa yote na nimefurahi ila huyu wa Manchester amekimbia mno, 1893 mpaka 1911 kama vile treni haikusimama popote. Kutoka hapa Tanga mpaka Muheza ni kilometa 40 tu na iliwachukua miaka mitatu, wakafika 1896, kampuni ikaishiwa pesa serikali ya Kijerumani ikabidi ichukue, Korogwe wakafika 1902. Mjukuu ukiwaandikia Wazungu wako waambie na hilo la kusimama, maana reli yenyewe hii ni ya kusimama na kuendelea. Na wale waliobeba hayo mataruma ya chuma mabegani walikuwa watu wa huku, majina yao hakuna aliyeyaandika, babu yako wa genge ndo alikuwa anatunza kazi ya mikono yao. Hilo liandike la kwanza.

Mi nilikuwa karani wa tiketi, nilianza enzi ya Jumuiya, East African Railways, nikamalizia shirika letu wenyewe baada ya 1977. Muheza nimekaa dirishani miaka sita. Tiketi zilikuwa za kadi ngumu, ndogo hivi, unaichomeka kwenye mashine inagonga tarehe kwa kishindo, abiria akisikia kile kishindo ndo anajua ameshasafiri. Msimu wa machungwa treni ikiingia akina mama wanakimbia na vikapu vichwani, pesa inashuka kwenye dirisha la behewa na machungwa yanapanda, na mara nyingi treni inaondoka chenji haijarudi, mama anakimbia pembeni mpaka anaitupa ndani. Nimeona mama mmoja amekimbia mpaka mwisho wa platfomu kwa ajili ya senti hamsini za mtu asiyemjua.

Sasa hivi treni ya abiria ya kwenda Moshi imerudi toka Desemba 2019, nashukuru, na Arusha inafika toka 2020, lakini inatokea Dar, inakatia Ruvu kwa ile njia ya 1963, inaungia Mnyusi, inapinda kwenda Korogwe. Tanga mjini haiji. Hapa tunasikia ya mizigo tu. Ikipiga honi usiku mi naamka, mke wangu naye anaamka, tunakaa kimya mpaka ipite.


Kutoka: Binti wa Makorora, York

Shikamoo Babu, shikamoo kaka na dada, nimechelewa kujibu nilikuwa na shifti nne mfululizo. Nimeandika na nimetuma. Nawawekea hapa kwa Kiswahili muone:

"Naitwa hivi, natokea Tanga. Babu yangu alitunza reli ya mita moja pale Korogwe, kwenye njia ambayo watu wa kwetu waliitandika kwa mabega kuanzia 1893, majina yao hayakuandikwa. Alinifundisha kusikiliza boliti. Sijui namba za vichwa vyenu lakini nikisimama platfomu nasikia gurudumu lenye bapa kabla treni haijafika na nasikia kiungo cha reli kilichokaa vibaya pale karibu na daraja. Ningependa kujua anayetunza reli ya York ni nani na anaitunzaje. Huwa nipo mwisho wa platfomu asubuhi nikitoka kazini, mwenye hijabu na chai, ni mimi."

Ya Shengena sikuiweka kaka, niliona ni yako, ila wameanza wenyewe kuuliza za Garratt basi nikawasimulia ulivyoenda kusimama Gorton. Kuna wawili wa Manchester wanasema mara nyingine uwaambie mwende wote.

Watu kumi na tisa wamejibu. Mmoja alifanya kazi ya kutunza njia miaka thelathini na kile kiungo karibu na daraja anakijua, anasema alikuwa anadhani ni yeye tu anayekisikia. Jumamosi ijayo tunakutana makumbusho, chini ya Mallard, saa nne asubuhi ya kwetu.

Babu, nina ujumbe wako. Kuna mzee mmoja ana miaka themanini na kitu, anakusanya tiketi za kadi, amenitumia picha ya moja ya East African Railways, daraja la tatu, Mombo kwenda Tanga. Imekatwa kona moja kwa mkasi, kona ya chini kulia. Ameinunua zamani kwenye mnada na hajawahi kumpata mtu wa kumuuliza kwa nini imekatwa. Nikamwambia nipe siku mbili, namjua aliyekuwa dirishani. Picha nimemtumia mwanao, naomba akuoneshe leo leo.