Luteni jenerali akipelekwa kuongoza chuo cha kijeshi: amepandishwa au amewekwa kando?

Kipanga wa Kusi
Wakuu, heshima kwenu. Kuna njia ya afisa mmoja imenikaa kichwani, naomba tuijadili. Jenerali Anthony Cotton wa Jeshi la Anga la Marekani alipata kamisheni mwaka 1986 akitokea Chuo Kikuu cha North Carolina State. Hakuwa rubani, alikuwa mtu wa makombora. Mwaka 2015 akapewa Kikosi cha Anga cha 20, ambacho ndicho kinacholala na kuamka na zile Minuteman III 400, makombora ya nyuklia ya masafa marefu, zilizofukiwa ardhini kule Montana, Wyoming, Dakota Kaskazini na majirani zao. Mwanzoni mwa 2018 akatolewa huko, akaongezwa nyota ya tatu, akapelekwa kambi ya Maxwell, Alabama, awe kamanda na rais wa Chuo Kikuu cha Anga, kinachosomesha maafisa wa jeshi hilo. Ametoka kwenye silaha za nyuklia, ameingia kwenye mitaala na ratiba za semina.

Swali langu ni moja. Afisa wa ngazi hiyo akipewa elimu ya kijeshi, amepandishwa au amewekwa kando? Mimi nasema amepandishwa, na jeshi linalopeleka chuoni watu wake wa daraja la pili linajihujumu lenyewe. Cotton alitoka Maxwell akarudi kwenye makombora na ndege za masafa marefu, Agosti 2021 akapata nyota ya nne, Desemba 2022 akakabidhiwa Kamandi ya Kimkakati yenye silaha zote za nyuklia za nchi yake. Karibuni.

Bunduki Kavu
Mkuu, umemtaja huyo kwa sababu alipanda. Waliozama huwajui, maana hakuna anayewaandika. Jenerali Steven Kwast aliongoza chuo hichohicho kuanzia 2014 hadi 2017, rubani wa ndege ya kivita F-15E, kichwa kizuri kabisa. Akapewa kamandi nzima ya mafunzo, na 2019 akaondolewa kabla ya muda wake. Wengi walilihusisha na msimamo wake kuhusu anga za juu, ambao hakuuficha. Huko ndiko fikra za chuoni zinakomfikisha mtu.

Tuseme ukweli bila kuoneana haya: jeshi ni vita. Kufundisha ni kazi ya waliochoka. Na huyo Cotton hata kurusha ndege hakuwahi, sasa marubani wa kivita alikwenda kuwafundisha nini?

Mwalimu Kombati
Bunduki Kavu, mengine yote nayaacha. Nijibu hilo la "waliochoka".

Nimefundisha maafisa kozi ya unadhimu, yaani ya kupanga vita na operesheni, nchi na chuo nayahifadhi. Unampa kapteni ramani na karatasi ya zoezi saa kumi na mbili jioni. Asubuhi anasimama mbele ya wenzake autetee mpango wake. Nimemwona mtu aliyetoka kwenye mapigano ya kweli, medali kifuani, mkono unamtetemeka ubaoni kwa sababu mwenzake wa safu ya pili amemuuliza: mafuta ya kurudi umeyahesabu wapi? Hakuwa ameyahesabu. Ndege zake zote sita zilikuwa zinaishia baharini, kwenye karatasi. Heri ziishie kwenye karatasi.

Aliyemzoesha yule wa safu ya pili kuuliza hivyo ni mkufunzi aliyekesha na madaftari yao. Uniambie amechoka kwa lipi.

Bunduki Kavu
Mzee, sijakutukana wewe. Lakini na wewe usikimbilie machozi. Karatasi haina hofu, haina moshi, haina redio iliyokatika. Mbele ya adui huyo kapteni wako wa medali angepata njia ya kurudi, na yule muuliza maswali angeganda. Wewe mwenyewe umerusha nini?

Binti Rada
Naomba nitoe mfano mmoja halafu mniambie kama chuo ni mahali pa kupumzikia.

Pale Maxwell, kabla ya Chuo Kikuu cha Anga, kulikuwa na shule ya mbinu ya kikosi cha anga cha jeshi, ilihamia hapo mwaka 1931. Wakufunzi wake walijenga imani moja: ndege kubwa za mabomu zikiruka kwa kundi, mchana, juu, na bunduki zao wenyewe, zitafika shabahani bila kusindikizwa. Imani ile ikawa mtaala, waliohitimu wakapanda vyeo, wakaenda nayo vitani. Tarehe 14 Oktoba 1943 zilitumwa B-17, ndege za namna hiyo, kama 290 hivi kwenda Schweinfurt, Ujerumani. Ndege za kusindikiza ziligeuza njiani, mafuta yao hayakutosha kufika. B-17 60 zilidunguliwa siku hiyo moja. Kila moja ilibeba watu 10. Fanyeni hesabu.

Kosa lile lilizaliwa darasani, miaka kumi kabla ya risasi ya kwanza. Marubani wa wakati ule walijiona wanajua kila kitu, hawakuuliza. Ndiyo maana anayeongoza chuo anatakiwa awe mtu bora kuliko wote mlio nao.

Mabawa Mawili
Dada, hapo kwa "marubani walijiona" umenigusa na sitapita kimya. Sisi tuliokaa kwenye chumba cha rubani ndio wa kwanza kulipa makosa ya wengine. Na palepale shuleni kwenu kulikuwa na mkufunzi rubani aliyewaambia ndege za kivita zinahitajika, wasimsikilize. Ndiye yule aliyekwenda China baadaye.

Binti Rada
Unamsema Claire Chennault. Ndiye aliyefundisha masomo ya ndege za kivita pale, akabishana nao mpaka akastaafu 1937, afya ikiwa mbaya na uhusiano na wakubwa ukiwa mbaya zaidi. Lakini kaka, waliompinga nao walikuwa na mabawa, ile beji ya rubani, vifuani. Kwa hiyo mabawa hayakuamua nani yuko sahihi.

Mabawa Mawili
Yaliamua nani alijua anachosema! Chennault alijua kwa sababu alikuwa anaruka kundi la watatu kwenye maonyesho, mabawa yakikaribia kugusana. Mambo mengine mwili ndio unaoyafundisha. Ukivuta ndege kwa nguvu, damu inashuka miguuni, macho yanaanza kuona kama kwenye bomba jembamba, na hapohapo unatakiwa uamue. Mtu ambaye hajawahi kuamua katika hali hiyo asiniandikie mtaala wa mapigano ya anga. Makombora ni kazi nzito, naiheshimu, lakini unakaa chini ya ardhi kwenye kiti, kahawa pembeni.

Mlinda Lango
Kahawa pembeni? Hebu jiheshimu kaka. Mtu anakaa chini ya ardhi zamu ya saa 24 akijua amri ikija atauwa mamilioni, na hana ruhusa ya kukosea hata tarakimu moja. Huo nao ni mwili na ni akili. Na kama hoja ni mabawa, aliyemfuata Cotton, James Hecker, alikuwa rubani wa kivita. Baada ya Hecker akaja Andrea Tullos, mama aliyepanda kupitia ulinzi na polisi wa jeshi la anga. Chuo kilekile. Hakikufungwa.

Pwani Tulivu
Mbali hatuna haja ya kwenda. Kenya mwezi Mei 2024 Meja Jenerali Fatuma Ahmed alikabidhiwa Jeshi la Anga lote, mwanamke wa kwanza kuongoza tawi la jeshi nchini humo. Aliingia jeshini 1983 kupitia kikosi cha wanawake, 2015 akawa brigedia, 2018 meja jenerali, kote huko wa kwanza. Naye hakupandia kwenye urubani. Kuongoza jeshi la anga ni watu, vipuri, mafuta, nidhamu na fedha. Rubani hafundishwi hayo akiwa futi elfu thelathini.

Mabawa Mawili
Dada Pwani, mama Fatuma namvulia kofia, na sijasema mwanamke hawezi. Msinibadilishie kesi. Nasema asiyeruka asifundishe kuruka vitani. Hilo tu.

Mlinda Lango
Na nani kasema rais wa chuo anaingia darasani kufundisha kona za angani? Wewe unabishana na mtu ambaye hayupo kwenye uzi huu.

Kipanga wa Kusi
Wakuu, turudini. Niliuliza kupandishwa au kuwekwa kando, sasa tuko kwenye damu miguuni na kahawa.

Nawapa mtu mwingine. Kanali John Warden, rubani. Agosti 1990, Iraq imeivamia Kuwait, yeye na timu yake makao makuu Pentagon wakachora mpango wa awali wa kampeni ya anga. Akaupeleka Riyadh kwa Jenerali Horner, aliyeongoza majeshi ya anga ya Marekani huko. Horner akamrudisha nyumbani, akawabakiza vijana wa Warden, na mengi ya fikra zile yakaonekana kwenye vita yenyewe. Mwaka 1992 Warden akawa mkuu wa chuo cha ukamanda na unadhimu pale Maxwell, akaigeuza kozi nzima: mihadhara ikapunguzwa, vitabu vikaongezwa, wanafunzi wakaanza kupanga kampeni badala ya kukariri. Waliopita mikononi mwake ni mameja waliokuja kuongoza vita za baadaye. Hiyo ni kazi ya mtu aliyetupwa?

Bunduki Kavu
Kipanga, umeniletea shahidi wangu mwenyewe. Warden alistaafu 1995 akiwa kanali. Kanali! Mtu aliyechora mpango ule hakupewa hata nyota moja. Mimi naona walimpeleka chuoni kwa sababu hawakumtaka makao makuu. Sasa amekifanyia chuo makubwa, sikatai, lakini yeye binafsi aliwekwa kando. Swali lako ulilileta wewe, na jibu umelileta wewe.

Kipanga wa Kusi
Basi chukua kamanda wa kwanza kabisa wa Chuo Kikuu cha Anga, Muir Fairchild, 1946. Mwaka 1948 akatoka hapo moja kwa moja kuwa naibu mnadhimu mkuu wa jeshi la anga lote. Hecker naye mwaka 2022 akatoka Maxwell kwenda kuongoza majeshi ya anga ya Marekani barani Ulaya, nyota nne. Kando gani hiyo?

Mwalimu Kombati
Nanyi nyote wawili mnahesabu nyota za mkuu. Mimi naangalia kalenda. Fairchild miaka 2 na ushee, akaondoka. Cotton hata miaka 2 hakufikisha. Hecker hakufika 3. Mtaala mmoja, kuuandika, kuupitisha, kuujaribu kwa kundi moja la wanafunzi na kuurekebisha, unakula muda kuliko huo. Kwa hiyo kila jenerali anaanzisha lake, na anayekuja analikuta bichi, analing'oa. Nimekaa chini ya wakuu wa namna hiyo. Kila mmoja alikuja na maono yake kwenye karatasi ya kung'aa, na sisi tukaandika upya masomo yaleyale kwa vichwa vipya. Mpeni mtu miaka 5.

Bunduki Kavu
Mpe miaka 5 uone nani atakubali. Hakuna jenerali mwenye njaa ya nyota ya nne atakayekaa miaka 5 Maxwell. Watakuja wale tu wanaosubiri kustaafu. Hapo ndipo chuo kitakuwa kando kwelikweli.

Binti Rada
Hiyo ndiyo hoja nzito ya kwanza umeileta tangu uzi uanze, Bunduki. Ukimfunga anadumaa, usipomfunga anapita. Mimi ningewagawa: msomi raia ashike mitaala miaka mingi, jenerali aje na kuondoka.

Mabawa Mawili
Msomi raia ndiye atanifundisha vita?

Bunduki Kavu
Mabawa, pumzika kidogo. Binti, nikubane hapo. Kama mwenye kubaki ndiye mwenye masomo, na jenerali anapita tu, sasa jenerali wa nini? Si bora wabaki walimu wenyewe?

Mwalimu Kombati
Wa nini? Siku makao makuu wanapopiga simu kuwatoa wanafunzi 12 kozi ikiwa nusu kwa sababu kuna operesheni. Siku bajeti ya maktaba inapokatwa ili yanunuliwe matairi. Mimi nikipiga simu, anapokea karani. Luteni jenerali akipiga, anapokea mkuu wa majeshi, na anasikiliza zaidi akijua huyu anayempigia huenda mwaka kesho akawa ofisi ya jirani. Nimeshuhudia kozi ikivunjwa katikati kwa sababu mkuu wetu alikuwa ameshaandikiwa barua ya kustaafu na hakuna aliyemsikiliza. Kwa hiyo nipeni jenerali anayepanda. Miaka 5 nimeifuta, nipeni 3 kamili, asiondoke hata mwezi mmoja kabla.